Rivyuu ya daktari wa Cuba, kutoka kwa sista aliyesimama naye thieta

Watu huandika rivyuu za simu na blenda, mimi leo naandika ya huduma moja tulipewa hapa kazini bila kuiagiza. Daktari wa Cuba. Naiita huduma kwa sababu kaunti iliileta vile mtu analetewa mashine mpya, ikaja na gari, ikaja na nyumba, ikaja na askari wa geti, na sisi wafanyikazi tukaambiwa tujipange tupigwe picha tukiipokea. Mimi ni muuguzi wa thieta, hospitali ya kaunti moja sitaitaja kwa sababu bado ndiyo inanilipa, siku ikikumbuka.

Kwa wale wamesahau, ilikuwa Juni 2018. Uhuru Kenyatta, rais wakati huo, alikuwa ameenda Cuba Machi mwaka huo, kurudi tukasikia madaktari 100 wanakuja Kenya, kila kaunti ipate angalau wawili na wengine wabaki hospitali kubwa. Serikali kuu ilipe mishahara, kaunti itoe nyumba, usafiri na ulinzi. Sisi kwa bahati tukapata bingwa wa mifupa. Jina lake lilikuwa refu kama treni kwa hivyo wodi nzima ikamuita Amigo, na yeye akakubali.

Nianze na kazi yenyewe maana hapo sina neno baya hata moja. Kabla ya Amigo bingwa wetu wa mifupa alikuwa karatasi ya rufaa. Kijana anaanguka na bodaboda usiku, paja limekatika mara mbili, anakuja wodi ya wanaume anafungwa mguu unaning'inizwa na uzito, analala hapo wiki tatu wiki nne familia ikichangisha ya kumpeleka Nairobi ama Eldoret, wengine mfupa unajiunga ukiwa umepinda wanarudi nyumbani mguu mmoja mfupi na hakuna mtu wa kuulizwa. Amigo alipita hiyo wodi siku ya kwanza na daftari, kitanda kwa kitanda, akahesabu, akatoka nje akavuta sigara mbili. Kesho yake saa moja asubuhi nilimkuta thieta amevaa tayari ananingoja mimi, na mimi ndiye huwa nafungua.

Mkono wake ni mwepesi. Nimesimama na madaktari wengi wa upasuaji, kuna wale hupiga kelele, kuna wale hukurushia koleo, huyu alikuwa anaimba kwa pua na damu ilikuwa kidogo. Mama mmoja aliyevunjika nyonga alikuwa ameshaandikiwa kichwani na watoto wake kwamba huyo ndio basi tena, nilimuona sokoni baadaye akibishana bei ya ndizi akiwa amesimama na miguu yake miwili. Kwa hiyo kazi, nyota tano, na kama kungekuwa na ya sita ningempa.

Lugha sasa, hapo ndipo kulikuwa na vituko. Kiingereza chake kilikuwa kinatoka kwa mafungu, Kiswahili hakuna, na mimi Kihispania nilikuwa nimekisikia tu kwa zile tamthilia za jioni zenye watu wanalia kwa ngazi. Thieta tulielewana haraka kwa sababu vyombo ni vile vile, tijera ni mkasi, pinza ni koleo, gasa ni shashi, baada ya mwezi nilikuwa nampa kabla hajamaliza kutaja. Shida ni kliniki. Mzee anaulizwa inauma wapi, anajibu kwa lugha ya mama dakika tano kuanzia siku alianguka kwa mti mwaka wa kitambo, mimi natafsiri kwa Kiingereza changu, Amigo hashiki yote anaweka kwa simu itoke Kihispania, anafikiria, anasema kitu, simu inatoa Kiingereza cha ajabu, narudisha kwa lugha ya mama, na mzee ananiangalia mimi na sio yeye ananiuliza, kwani amesema nini? Namwambia amesema pole mzee. Haikuwa hiyo tu amesema lakini ndiyo ilikuwa imebaki baada ya safari yote hiyo.

Na hiyo kutafsiri hakuna mtu alikuwa amenipangia wala kunilipa. Ilikuwa juu ya zamu yangu. Nyota mbili, moja ni ya Amigo kwa kujaribu na ingine najipa mwenyewe.

Haya, bei. Hapa ndipo watu wengi wataruka moja kwa moja na nawaelewa.

Ili mjue tulikuwa na hasira ya aina gani lazima nirudi nyuma kidogo. Madaktari wetu waligoma tarehe 5 Desemba 2016 wakarudi katikati ya Machi 2017, siku mia moja, wakidai mkataba wa mishahara na mazingira ya kazi uliosainiwa 2013 na serikali yenyewe, na viongozi wa chama chao wakalala jela katikati ya hiyo safari. Sisi wauguzi tukafuata, Juni 2017 mpaka Novemba, miezi mitano. Mtu akikaa miezi mitano nje ya kazi anajua duka gani linakopesha na gani limeandika jina lake kwa ukuta. Na kabla hata vumbi la ule mgomo wa madaktari kutulia, serikali ikaenda Tanzania kuomba madaktari 500. Magufuli, rais wao wakati huo, akakubali. Mahakama hapa kwetu ikasimamisha, na Magufuli alivyoona hivyo akawaajiri kwao wale 258 walikuwa wameshaomba. Sisi tulicheka siku hiyo, jameni, kicheko cha uchungu, kwa sababu daktari wa Tanzania alipata kazi kupitia mgomo wa Mkenya na Mkenya mwenyewe alikuwa bado anafuata malipo yake na barua.

Kwa hivyo Wacuba walivyotua mwaka uliofuata hakuna mtu alihitaji kuelezewa. Walituambia ni mabingwa tusio nao, na ni kweli wa mifupa hatukuwa naye. Lakini pia walikuja na daktari wa familia, mtu mzuri, mpole, na mwezi huo huo daktari kijana aliyemalizia uwanagenzi, yale mafunzo ya kazini baada ya chuo, hapa kwetu alikuwa amekaa nyumbani akingoja kaunti itangaze nafasi. Kijana mkali, usiku alikuwa anashika wodi mbili peke yake. Alingoja, akaanza kufanya lokamu kwa kliniki za mtaani, analipwa kwa zamu kama fundi wa mjengo, baadaye akaomba kazi ng'ambo akaenda. Saa hii yeye ndiye mgeni kwa hospitali ya watu wengine na sitashangaa kama kuna sista wa huko anamuandikia rivyuu yake.

Karatasi ya mshahara ya Amigo haikuwa yangu kuisoma lakini nyumba niliiona. Vyumba vitatu, tangi la maji, geti la chuma, gari la kumchukua na kumrudisha hata kama ni mita mia tano. Mimi nikitoka zamu saa mbili usiku natembea na tochi ya simu. Mtu wa dawa ya usingizi, ambaye nitamrudia maana bila yeye hakuna upasuaji, alikuwa anaishi chumba kimoja na watoto wawili nyuma ya stendi na maji ya kununua kwa mtungi. Posho zetu za kufanya kazi mazingira hatari zilikuwa zinazungumzwa kwa mikutano. Yake ya nyumba ilizungumzwa ikajengewa geti.

Nilimnunia miezi miwili, nakubali. Nilikuwa nampa mkasi bila kumuangalia.

Kilichonibadilisha ni siku moja tunanawa mikono kabla ya kuingia, stima imepotea tunangoja jenereta, akaniuliza kwa nini wauguzi wana hasira naye. Nikamwambia ukweli, pesa. Akacheka, akaandika kwa simu kwa muda mrefu, akanionyesha tafsiri. Kwamba sehemu kubwa ya kile Kenya inalipa kwa ajili yake inaenda kwa serikali yake, yeye anabaki na kidogo, na mtoto wake alikuwa na miaka minne akitoka nyumbani. Hilo la serikali yao kuchukua fungu kubwa linajulikana dunia nzima, sio siri yake. Lakini kulisoma kwa simu yake, na mikono yetu sisi wawili inadondosha sabuni, ni kitu kingine. Nikaona huyu na mimi tuko foleni moja ila yeye amepangwa mbele apigwe picha.

Sasa yule wa dawa ya usingizi. Hospitali nzima tulikuwa naye mmoja. Akiwa mgonjwa, akiwa kwa mazishi, akiitwa upasuaji wa mama anayejifungua, Amigo anakaa. Kuna wiki nimehesabu, siku tano za kazi bingwa kutoka ng'ambo ya bahari alifanya upasuaji siku mbili, zingine akanywa kahawa kwa ofisi ya sista mkuu akifundishwa kuhesabu moja mpaka ishirini kwa Kiswahili. Siku zingine mtu wa usingizi yuko lakini vyuma hakuna, zile pini na sahani za kufunga mfupa familia ndiyo inaenda kununua, na familia ya mtu wa bodaboda inauza ng'ombe kwanza. Siku zingine eksirei imeharibika. Mtu mmoja tu wa usingizi angeongezwa, Mkenya, wa hapa hapa, alipwe kile analipwa yule mwingine, zile operesheni zingekuwa mara mbili. Tuliandika hiyo kwa barua. Ilikuwa rahisi kwa kaunti kupata mtu kutoka Havana kuliko kupata mtu kutoka lokesheni ya pili. Huyo wa lokesheni ya pili angeingia kwa orodha ya mishahara akae hapo, na kesho agome.

Kwa hivyo bei nyota moja. Na hata hiyo moja simpunguzii Amigo, nampunguzia aliyefanya manunuzi.

Halafu kuna Aprili 2019. Wacuba wawili walitekwa Mandera asubuhi wakienda kazini, polisi aliyekuwa anawalinda akauawa pale pale. Hospitali yetu ilinyamaza siku hiyo, hata wale walikuwa wanamsema Amigo vibaya walimletea chai. Wenzake walioko kaunti za mpakani wakaondolewa, yeye akaongezewa askari mwenye bunduki. Haki yake kabisa. Mimi nilibaki nikifikiria wauguzi wa kule Mandera, wenyewe wa hapo, ambao hawakuwa na mahali pa kuondolewa wapelekwe, walifungua wodi kesho yake kama kawaida. Na huyo polisi, Mkenya, mshahara wake ndio huo tunajua.

Huduma kwa wateja, yaani sisi tulioletewa, ilikuwa sifuri. Hakuna mtu alituuliza mwanzo tunahitaji nini na hakuna mtu alituuliza mwisho imefanya nini. Oktoba 2023 tulisikia kwa taarifa ya habari waziri wa afya wakati huo, Nakhumicha, akisema mkataba umeisha hautaongezwa. Amigo naye alisikia hapo hapo, tulikuwa tunaangalia runinga ya chumba cha kusubiri. Akaniuliza, "Sista, mimi?" Nikamwambia, wewe.

Alikuwa amekuwa mzuri sana wakati huo, hii ndiyo inaniuma. Alikuwa anaongea na wazee bila simu, anatania wamama, alikuwa amemfundisha daktari wetu mmoja wa kawaida kufunga mapaja vizuri hadi akawa anamuachia. Hiyo kufundisha haikuwa kwa mkataba wowote niliousikia, walifanya tu wakati wa kungoja mtu wa usingizi. Huyo daktari ndiye faida kubwa tulibaki nayo, na mwaka uliofuata, Machi 2024, madaktari waligoma tena, naye alikuwa barabarani na filimbi mdomoni. Siku 56. Wanagenzi walikuwa wameahidiwa karibu 206,000 kwa mwezi kwa ule mkataba wa 2017, serikali ikasema itawapa 70,000, na mwezi mzima wa Aprili thieta yetu ilikuwa stoo. Hakuna Mcuba wa kuziba pengo safari hii. Mpaka Desemba ndio serikali ikakubali ile 206,000, na ukiangalia mtu aliyekuwa anapigania hizo pesa ni yule yule atakuwa bado hapa mwaka ujao, ama basi angalau angetaka kuwa hapa.

Kuna watu watasema sista umependelea mgeni, na wengine watasema una wivu. Andikeni tu. Daktari mwenyewe nyota tano, narudia. Ile huduma vile ilikuja imefungwa, nyota mbili. Wakituletea mwingine nitampa mkasi vizuri na nitamfundisha kuhesabu, lakini wamlete pamoja na watu wawili wa dawa ya usingizi, na hao wawili watoke hapa.

Wodi ya wanaume ile miguu imeanza kuning'inia tena, jana nimehesabu saba. Nyumba ya Amigo iko bado, tangi limeachwa wazi nyani wanakunywa maji. Askari wa geti hawajamuondoa, anakaa pale na kiti chake analinda nyumba haina mtu. Jana nikipita aliniita, nikadhani kuna shida, kumbe alikuwa anataka kujua kama upande wetu mishahara imeingia.