Uzoefu wangu na lenzi ya 50mm f/1.8 nikijifunza kupiga picha za wanamitindo Kisumu

Mtu aliye na kamera na anataka kupiga picha za watu, lenzi ya kwanza kununua ni Canon EF 50mm f/1.8 STM. Nasema hivyo bila kusita. Ninaitumia hapa Kisumu kwenye kamera ya mtumba, Canon EOS 700D, na mengi ninayoyajua kuhusu kufanya kazi na wanamitindo nimeyajulia kwenye lenzi hii.

Kwanza kamera, kwa ufupi. 700D ilitoka mwaka 2013, ina megapikseli 18, na kioo chake cha nyuma kinageuka pande zote. Usitishwe na umri wake, kwa picha za mtandaoni na za kuchapisha ukubwa wa ukutani inatosha kabisa. Ukinunua ya mtumba, nenda na memori kadi yako mwenyewe, funga uwazi (tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) hadi f/16, piga anga tupu, kisha ikuze picha: madoa meusi yanayobaki mahali palepale kila picha ni vumbi kwenye kihisi, ile sehemu ya ndani inayopokea picha. Fungua mfuniko wa betri uangalie kama kuna kutu. Muuzaji mwaminifu atakuacha ujaribu hadi uridhike.

Lenzi yenyewe ilitoka mwaka 2015. Ina uzito wa takriban gramu 160 tu, sehemu inayoshika kamera ni ya chuma, na haina zumu, yaani haiwezi kuvuta picha karibu wala kuirudisha mbali. Hilo la zumu ndilo wengi hulilalamikia, na ndilo mimi ninalolipenda. Ukiwa na lenzi ya zumu ya 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera nyingi, unasimama palepale na kuzungusha mkono. Hii ya 50mm inakulazimisha utembee. Ukitaka uso, unasogea. Ukitaka gauni lote, unarudi nyuma.

Kihisi cha 700D ni kidogo, kwa hiyo 50mm inaona kama 80mm ingeona kwenye kamera ya kihisi kikubwa. Kumpata mtu mzima kuanzia kisigino hadi kilemba, na nafasi kidogo juu na chini, unahitaji kusimama mita nne na nusu hadi tano kutoka kwake. Kumpata kuanzia kiunoni, mita mbili hivi. Pima chumba chako kabla ya kununua. Nyumba nyingi za kupanga za chumba kimoja hazina mita tano za wazi, achilia mbali kitanda na meza. Ndani ya nyumba yangu napiga nusu mwili basi. Mwili mzima tunatoka nje.

Lakini zile mita mbili zina faida ambayo sikuisoma popote. Unaongea na mtu kwa sauti ya kawaida. Humpigii kelele, na wala hujamwekea lenzi puani. Na uso unatoka jinsi ulivyo. Ukimsogelea mtu sana kwa lenzi inayoona eneo pana, pua inakua na masikio yanarudi nyuma, kwa sababu pua iko karibu nawe mno ukilinganisha na masikio. Dada mmoja anayeuza nguo soko la Kibuye, aliyezoea kujipiga kwa simu, aliangalia picha ya kwanza kwenye kioo akauliza kama nimeshaihariri. Nilikuwa sijagusa chochote.

Sasa hiyo f/1.8 inayotajwa kila mahali. Mandhari ya nyuma inayeyuka vizuri, ni kweli, lakini anayeanza asiing'ang'anie. Ukiwa mita moja kutoka kwa mtu na uwazi wote, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita tatu. Akipumua tu, fokasi inahama kutoka kope hadi nyusi. Mita mbili, kwa f/2.8, unapata kama sentimita 17, na hapo macho yote mawili yanakuwa salama. Watu wawili waliosimama bega kwa bega nawapiga kwa f/4. Chagua nukta moja ya fokasi na uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe, hupenda mkufu, au ushanga wa begani, au chochote kinachong'aa. Lenzi haina kitu cha kutuliza mtikisiko, kwa hiyo shata yangu (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) haishuki chini ya 1/160 ya sekunde hata mtu akiwa ameketi.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi ni mwanga kwenye ngozi zetu. Kamera haijui inamwangalia nani. Inapima mwanga wa fremu nzima na kuuvuta hadi wastani wa kijivu. Nenda Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, msimamishe mtu mwenye ngozi nyeusi tii mbele ya ziwa saa kumi na moja jioni. Nyuma yake maji yanametameta, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unabaki kivuli. Mpiga picha mgeni na kazi hii atafikiri kasoro ni ya ngozi. Si kweli hata kidogo. Ongeza mwanga kwa kituo kimoja (yaani mara mbili ya ule wa awali), wakati mwingine kimoja na nusu, hadi uso uonekane sawasawa, na uyaache maji yaungue kidogo, yaani yatoke meupe mno. Kinyume chake pia kipo: ukijaza fremu kwa uso mweusi mtupu, kamera inauvuta juu hadi ngozi inapauka, na hapo inabidi upunguze. Siku hizi napima kwa uso, maji na mbingu vitajijua.

Tena Dunga ina siri yake ya saa. Jioni jua linashuka upande wa ziwani, kwa hiyo mtu aliyeligeuzia ziwa mgongo mwanga unamjia kutoka nyuma. Asubuhi mambo yanageuka: jua linatoka upande wa nchi kavu na kumwangukia usoni. Binti mmoja alikuja na kitenge cha njano, akasimama kando ya mashua zilizopakwa rangi, mafunjo yakiwa nyuma yake, na ule mwanga wa asubuhi ulimpitia shavuni hadi kwenye mfupa wa bega nikaona rangi ndani ya ngozi yake ambazo macho yangu yalikuwa yamezipita kila siku: kahawia, zambarau kidogo, dhahabu mahali mafuta yalipong'aa. Nilipunguza mwendo. Picha kama hizo hazihitaji kuhaririwa sana.

Ila ujue kwamba Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Jua halichelewi chini, linapanda wima. Ikifika saa tatu asubuhi mwanga tayari ni mkali, na adhuhuri unashuka kutoka utosini na kuchimba vivuli vyeusi machoni. Mchana tafuta varanda au mlango mpana, mtu asimame hatua moja ndani ya kivuli akiangalia nje. Chini ya mti si pazuri kama watu wanavyodhani, majani yanatia ukijani kwenye paji la uso na kwenye nguo nyeupe, na kuutoa ukijani huo ni kazi. Ndiyo maana napiga RAW, faili ghafi linalokupa nafasi kubwa ya kurekebisha rangi baadaye. Kwa kurudisha mwanga chini ya kidevu natumia shuka jeupe lililokunjwa, anashika rafiki aliyemsindikiza mwanamitindo. Upepo wa ziwani unaanza kuvuma mchana, kwa hiyo anayetaka nywele zake zikae alivyozitengeneza aje mapema.

Nimemtaja rafiki. Hilo ni sharti langu: kila binti anayekuja kupigwa picha aje na mtu wake, na mara ya kwanza tukutane mahali pa watu. Nikimwambia hivyo kabla hajauliza, naona mabega yakishuka. Nguo ikikaa vibaya, namwambia, "Dada, upande wa kulia umejikunja," anajiweka sawa mwenyewe au rafiki yake anamsaidia. Simgusi. Mahali pa kubadilishia nguo napanga mapema, si kumwambia mtu ajifunike leso nyuma ya kibanda.

Mwanzoni hakuna anayemlipa mwenzake. Yeye anapata picha, mimi napata mazoezi. Ni mpango mzuri mkielewana kabla: picha ngapi atapata zikiwa zimehaririwa, lini, na nani ataziweka wapi. Tunaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi na kutia sahihi wote wawili. Wengine huona ni makuu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ruhusa yake. Aliye chini ya miaka 18 simpigi bila mzazi kutia sahihi, hata kama ni jirani na namfahamu tangu utotoni. Na ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kutangazia biashara ya mtu mwingine. Duka la nguo likitaka picha hizo, namrudia mwenye sura kwanza, na sehemu yake ya malipo naituma kwa M-Pesa siku hiyohiyo.

Wavuvi wa Dunga nao ni wenyeji wa mahali pale. Ukitaka kumsimamisha mtu kando ya mashua yao au nyavu za kuanikia omena, salimia, omba, na ukubali ukiambiwa ngoja tumalize kazi.

Kuhusu mapozi, sijaona faida ya kumwambia mtu tulia usitikisike. Anakauka. Nampa kazi: funga kilemba upya, tembea hadi kwenye ile mashua urudi, mwambie rafiki yako kilichotokea jana. Mikono ikipata shughuli, uso unajilegeza wenyewe. Baada ya picha chache namwonyesha kioo cha kamera, hasa mwanzoni, aone anavyotoka. Wengi waliosema hawajui kupigwa picha walibadilika dakika hiyo.

Wakati wa kuhariri nina msimamo mmoja ambao siuachi: sing'arishi ngozi ya mtu. Chunusi ya wiki hii nitaitoa, akitaka. Rangi aliyozaliwa nayo inabaki. Nimeombwa mara kadhaa niifanye nyeupe kidogo, na kila mara nimemwonyesha picha yenye mwanga sahihi kwanza. Kwa kawaida ombi linaishia hapo. Tatizo lilikuwa ni picha zilizopigwa giza miaka yote, yeye akaambiwa ni sura yake.

Nani asiinunue? Anayepiga harusi na sherehe ndani ya mahema yaliyojaa watu, maana huko hakuna pa kurudi nyuma. Na ambaye kazi yake yote ni ndani ya chumba kidogo: huyo aangalie EF-S 24mm f/2.8 STM, inaona upana wa kama 38mm kwenye 700D na unaweza kumpata mtu mzima kwa mita mbili na ushee. Mwenye kamera za Canon za kizazi cha R atahitaji adapta ili lenzi hii ya EF ishike, au achukue RF 50mm f/1.8 STM iliyotengenezwa kwa ajili yao mwaka 2020. Kwa vichujio na mfuniko wa mbele, kipenyo cha EF ni 49mm. Chukua kifuniko cha jua pia ukipata, kwa sababu jioni Dunga miale inaingia moja kwa moja kwenye kioo cha mbele na picha inafifia.