KoboCollect kwa ziara za jiografia Unguja: inafaa, ila fomu itungwe mapema

KoboCollect ni programu ya bure ya kujazia fomu kwenye simu za Android. Mwalimu anatunga maswali kwenye tovuti ya KoboToolbox, wanafunzi wanajaza, na kila jibu linaweza kubeba picha na nukta ya GPS. Kwa mikoko ya Pete, upande wa msitu wa Jozani, au kwa ufukwe wa Paje, sifa yake kubwa ni kwamba kujaza hakutaki bando. Data inatumwa wakisharudi penye waifai.

Akaunti na fomu viingizwe siku moja kabla, kwenye kila simu. Njia nyepesi ni kuskani msimbo wa QR, kisha kushusha fomu na kuijaza mara moja kwa majaribio. Simu ambayo haikushusha fomu itafaa kupigia picha tu. Na kwa kuwa skuli nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu, panga simu moja kwa watu wanne: mmoja anabonyeza, wawili wanapima, wa nne anaandika daftarini. Daftari lisiachwe, betri ikizima saa saba mchana ndilo litakalobaki.

Maswali manane kwa kituo, yaani kila mahali mnaposimama kupima, yanatosha. Aina ya mti iwe ya kuchagua: mkoko wenyewe (Rhizophora), mchu, mkandaa, msinzi, mlilana, na "sijui". Wakiachiwa kuandika wenyewe, jedwali litarudi na "mkoko", "mikoko" na "mti wa mkoko", na kompyuta itazihesabu kuwa aina tatu. Mzingo wa shina upimwe sentimita 130 kutoka ardhini, isipokuwa mkoko wenyewe, ambao unapimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa unaoshikia shina. Maelekezo hayo yaandikwe chini ya swali lenyewe, maana huko kwenye tope hakuna atakayeyakumbuka.

Penye shida hasa ni GPS. Programu inasubiri usahihi wa mita 5 ndipo ihifadhi nukta yenyewe. Ufukweni inafika haraka. Chini ya majani mazito mawimbi ya setilaiti yanazuiwa na kugongagonga, namba inabaki 12 au 20, na mwanafunzi aliyechoka anahifadhi hivyo hivyo. Kama vituo vyenu vimeachana mita 10, nukta za namna hiyo zitapandana kwenye ramani. Dawa ni kuachanisha vituo mita 30 au zaidi, au kupima umbali kwa utepe kuanzia nukta moja iliyochukuliwa palipo wazi. Bila mtandao simu huchelewa kuzipata setilaiti mara ya kwanza, kwa hiyo washeni GPS mapema, wakati mnasubiri tiketi za kuingia.

Kimo cha mahali kinachotolewa na GPS msikitumie kabisa. Simu nyingi hupima kutoka umbo la hesabu la dunia, si kutoka usawa wa bahari, na pwani yetu hilo hutoa namba hasi za mita 20 na kitu hali mtu amesimama mchangani pakavu. Mteremko wa Paje upimwe kwa fito mbili na utepe, simu inakili majibu tu.

Wakichora ramani kutoka daftarini, waangalie alama ya kutoa. Jozani iko karibu na -6.27, 39.41. Ukiisahau alama hiyo unaangukia Ethiopia. Ukibadilisha nafasi za namba hizo mbili, unakwenda Uhispania. (Kosa hilo, kusema kweli, linafundisha latitudo vizuri kuliko ubao.)

Picha zipunguzwe hadi pikseli 1024 kwenye mipangilio ya swali, la sivyo atakayetuma bila waifai atamaliza bando la wiki. Wenye iPhone hawana KoboCollect; watumie fomu ya kwenye kivinjari, na waifungue mara moja wakiwa na mtandao ndipo iwakubalie nje ya mtandao.

Siku ichaguliwe kwa kalenda ya mwezi. Wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukimbia mbali, ufukwe wote unapimika, lakini hurudi kwa kasi: anzeni muda wa saa mbili kabla maji hayajapwa kabisa.

Programu isifutwe kwenye simu, hasa za kuazima, kabla ya kuhakikisha kila fomu imetumwa. Ikifutwa, fomu ambazo hazijatumwa zinapotea nayo.