Meseji za mkupuo kwenye kampeni ya udiwani: nilivyozitumia Rungwe

Kila uchaguzi ukikaribia lazima mtu aje dukani kwangu na swali lile lile: "Dada, zile meseji unazotuma mara moja kwa watu elfu, zinasaidia kweli?" Nimechoka kujibu vipande vipande huku natoa fotokopi, kwa hiyo leo naandika yote.

Mimi nina duka la steshenari Tukuyu, wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Mwaka 2020 baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu, aligombea udiwani kwenye kata moja ya huku Rungwe, kule juu ambako asubuhi unaona chai na ukungu basi. Chama sitakitaja, hakina kazi kwenye habari hii. Kazi ziligawanywa: meneja kampeni alipewa gari na spika, akina mama nyimbo, vijana pikipiki. Mimi kwa kuwa nina kompyuta nikaambiwa nishike "mambo ya simu".

Nikapata kampuni moja ya Dar inayouza huduma hii. Unafungua akaunti kwenye tovuti yao, unalipa kwa simu, unapandisha orodha ya namba, unaandika ujumbe, unabonyeza. Bei niliyopewa ilikuwa shilingi 22 kwa meseji moja, nikanunua 10,000 kwa 220,000. Baba mdogo alizitoa hizo hela kwa shingo upande. "Mwanangu, hiyo si mafuta ya pikipiki hiyo?" Nikamwambia baba, subiri uone.

Kitu cha kwanza kilichotukwamisha ni jina. Meseji hizi haziji na namba, zinakuja na jina unalosajili, na jina haliruhusiwi kuzidi herufi 11, nafasi nazo zinahesabiwa. Baba mdogo alitaka MWALIMU WA WATU. Hesabu mwenyewe, ni 15. Tukakata ikabaki MWALIMU, tukapeleka barua na nakala ya kitambulisho, tukasubiri siku sita mitandao yote ipitishe. Hakuna aliyewaza kwamba kwenye kata yenye shule za msingi kadhaa, meseji ikiingia imeandikwa MWALIMU, mzazi anajua ni shule. Siku ya pili mama mmoja alitinga ofisini kwa mwalimu mkuu kuuliza ni mchango gani tena anadaiwa. Mwalimu mkuu alitulalamikia, na alikuwa na haki.

Halafu orodha. Hapa ndipo hela inapookolewa au kuzama. Kijana mmoja wa Mwanjelwa, pale Mbeya, aliniuzia faili kwa 50,000: "Dada, hizo ni namba 5,000 za Rungwe, safi kabisa." Kwa bahati nilijaribu 2,000 kwanza, na ndani ya ujumbe niliweka namba ya wakala wetu wa kampeni. Simu zilizompigia zilitoka Tunduma, Sumbawanga, mmoja yuko Makambako anauza mbao na anauliza huyo Mwalimu ni nani na namba yake kaipata wapi. Nyingine nyingi hazikufika kabisa. Nilikuja kuelewa baadaye: ile orodha ilikuwa ya zamani, na Januari mwaka ule ule laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Alikuwa ameniuzia makaburi. Na kampuni haikurudishii hela ya namba iliyokufa, ukituma umetumia. Faili lile nililifuta. Siku hizi lingeniletea kesi pia, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haimwachii mtu auze na kununua namba za wenzake kama nyanya.

Jaribio jingine ni la aibu, lakini nalisema. Mfumo wa ile kampuni ya Dar unaweza kuweka jina la kila mtu kwenye salamu, unachukua kwenye safu ya majina. Nikasema nianze na wateja wangu, nikahamisha namba sitini hivi kutoka kwenye simu ya dukani. Sikukumbuka jinsi ninavyosevu majina. Mama anayepika chakula pale stendi akapokea, kwa salamu yetu ya Kinyakyusa: "Ugonile Mama Ntilie Deni 3500." Kesho yake asubuhi alikuja na noti mkononi, akaiweka juu ya meza bila kunisalimia. Kura yake sidhani kama tuliipata.

Basi tukafanya kwa mikono. Nilinunua madaftari, kila kijiji nikampa kijana mmoja, wakapita na mabalozi wa nyumba kumi, nyumba kwa nyumba na kwenye vikundi vya kukopeshana wakiuliza: tunaomba namba tukujulishe mikutano, unaruhusu? Wengi waliruhusu, wengine walikataa, wapo waliosema simu ya nyumba hii ni ya kijana aliyeko Mbeya, sisi tunapokelea tu. Wiki mbili tukapata namba 1,340. Kuziingiza kwenye Excel kulinila usiku tatu. Excel, kama hujui, inakula sifuri ya mwanzo, na ukiandika 255 ya nchi mbele inaweza kuigeuza namba ikawa kitu chenye nukta na herufi E katikati. Safu iwekwe iwe ya maandishi kabla hujaandika chochote. Hili sikuambiwa na mtu, niliambiwa na namba mia mbili zilizokataliwa.

Sasa niseme kosa lililoniuma kuliko yote, kwa sababu mtu yeyote anayeandika Kiswahili litampata. Mkutano wa ufunguzi ulikuwa Jumanne. Niliandika ujumbe kwenye Word, nikaupima vizuri:

"Ugonile. Mkutano wa kampeni leo Jumanne saa 9 alasiri uwanja wa shule ya msingi. Mwalimu atazungumzia bei ya chai, barabara na josho la ng’ombe. Karibuni wote."

Herufi 159. Meseji moja inabeba 160, nikajipongeza. Nikanakili, nikabandika, nikatuma kwa watu wote 1,340. Kuangalia salio, zimeondoka meseji 4,020.

Niliwapigia Dar nikiwa nimewaka. Kijana wa huduma kwa wateja akanisikiliza, akaniuliza kwa upole: "Dada, hiyo ng'ombe umeiandika wapi?" Nikadhani ananitania. Kumbe Word inakigeuza kile kidoti cha juu cha ng'ombe kikawa kimepinda, na alama ile iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za meseji. Ikiingia hata moja tu, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine ambao meseji moja inabeba herufi 70, na ukizidi hapo kila kipande kinabeba 67. Herufi zangu 159 zikawa vipande vitatu. Ujumbe wa shilingi 29,480 ukanigharimu 88,440, kwa sababu ya ng'ombe. Ukiandika "ng'ombe", "ng'ambo", "kung'oa", futa ile alama kisha uichape upya palepale kwenye tovuti yao, na uangalie kikaunta cha vipande kabla ya kubonyeza. Kikaunta kilikuwepo siku zote, mimi sikukitazama.

Baba mdogo nilimwambia ukweli. Alikaa kimya, kisha akacheka mpaka akakohoa. Tukaongeza nyingine 10,000.

Na pamoja na hayo yote, mkutano ule ulijaa. Hapa ndipo naipa huduma hii sifa yake. Kwa kuwaambia watu wapi na saa ngapi, sijaona cha kuishinda. Mvua ikinyesha tukahamisha mkutano kutoka uwanjani kwenda ghalani, dakika kumi kijiji kizima kinajua, gari la matangazo lisingeweza kwa barabara zetu zile. Niligawa orodha kwa vijiji, nikawa natuma kwa wahusika tu. Nikajifunza na saa. Watu wengi huku juu simu zinazimika, wanazipeleka senta kuchajiwa, hasa siku ya soko. Meseji niliyotuma usiku ilikuwa inaingia kesho yake mchana simu ikiwashwa, mkutano umeshaisha. Nikaanza kutuma siku ya soko asubuhi, mtu yuko palepale na simu yake ina moto.

Ila kuomba kura kwa meseji ndiko nilikoshindwa.

Nilituma ujumbe mzuri kweli, umeeleza ahadi tatu na umeomba kura kwa heshima. Jumapili yake baba mdogo alipita kwa mzee mmoja aliyemfahamu tangu ujana. Mzee akamkaribisha kiti, akatoa simu mfukoni, akaishika mbali na macho akasoma kwa sauti. Halafu akauliza: "Huyu aliyeniandikia ugonile ni nani? Mimi ni rika lake?" Kweli, mtu mzima hasalimiwi hivyo, anaambiwa mugonile. Nilikuwa nimewasalimia wazee wa kata nzima kama watoto wenzangu. Mzee akaendelea: "Na nilipotaka kukujibu, simu ikakataa. Unaniomba kitu halafu unafunga mlango nisikujibu?"

Baba mdogo aliniletea maneno hayo jioni kama yalivyo. Salamu niliibadilisha usiku ule ule. Kwenye ule ujumbe wa ufunguzi ingeongeza herufi moja tu, ukawa 160 kamili. Lakini la mlango sikuwa na dawa yake. Meseji inayotoka kwa jina haijibiki, ndivyo mfumo ulivyo. Na watu wamekwishaumwa na meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii", ujumbe wowote kutoka kwa usiyemjua wanausoma kwa jicho moja. Kijana wa mjini labda hajali. Huku mtu akikuomba kura anatakiwa aonekane, akae, akubali hata kikombe cha chai kisicho na sukari.

Kwa hiyo nikaacha kuomba. Nikawa natangaza mikutano tu, na meseji zaidi ya 4,000 nikaziweka akiba kwa wiki ya mwisho, ziwatoshe watu wote mara tatu: ya kwanza kukumbusha kadi ya mpiga kura, ya pili kuwa vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, ya tatu alfajiri ya tarehe 28 Oktoba yenyewe. Nilishaziandika, nimezipangia na saa.

Jumamosi tarehe 24 nikaingia kwenye akaunti kutuma ya kwanza. Haiendi. Nikajaribu tena, haiendi. Nikampigia yule kijana wa Dar, safari hii sauti yake ndiyo ilikuwa ya kuchoka: "Dada, si wewe peke yako. Tumesitishiwa nchi nzima, mpaka tarehe 11 Novemba." Agizo lilikuwa limeshuka kwa kampuni za simu, meseji za mkupuo na simu za mkupuo zisimame, siku nne kabla ya kura. Hela yangu haikupotea, ilikuwa ndani inanitazama. Ndiyo maana anayeniuliza leo namwambia: usiweke akiba ya mwisho kwenye kitu ambacho swichi yake iko kwa mtu mwingine. Ya muhimu itume mapema, na orodha iwe imechapishwa kwenye karatasi.

Karatasi ndiyo iliyotuokoa. Nilizigawa kurasa kwa wasichana saba, kila mmoja akajiunga bando la meseji kwenye laini yake, tukakaa dukani milango imefungwa tunaandika moja moja. Zilikwenda polepole, lakini zilikwenda na namba ya mtu. Majibu yakaanza kuingia. "Ndaga (asante), nimepata." "Wewe ni binti wa nani?" "Mwambie Mwalimu huku daraja limebebwa na maji, aje kwa njia ya juu." Kwa siku tatu tulipata majibu mengi kuliko miezi yote miwili, maana kabla ya hapo hakuna aliyeweza kujibu.

Baba mdogo hakushinda. Sikulaumu meseji na wala siwezi kusema zingeleta nini.

Huduma ilipofunguliwa Novemba, salio langu lilikuwepo lote. Baba mdogo akasema tuwashukuru watu, mwisho wa ujumbe niweke namba yake mwenyewe. Nikaandika mugonile, nikachapa kila alama kwa mkono, nikaangalia kikaunta: kipande kimoja. Nikatuma 1,340. Simu yake iliita kuanzia mchana ule mpaka usiku, na alipokea zote akiwa amekaa kwenye stuli hapo nje ya duka langu. Yule mzee naye alipiga. Sijui walizungumza nini, nilisikia upande mmoja tu, baba mdogo anasema ndaga, ndaga fijo, Jumapili nakuja.

Salio lililobaki nilitangazia madaftari ya shule Januari. Kwa jina la duka safari hii, si MWALIMU.