Waya wa printa uliokaribia kuniunguzia nyumba

"Kasome kwanza, bi mkubwa, halafu ndiyo uje kutufundisha umeme."

Maneno hayo niliambiwa na kijana wa dukani, mbele ya wateja wanne, nami nimesimama na waya uliobabuka mkononi. Kijana wa umri wa mwanangu mkubwa! Tokea siku ile kila nikikaa nayasikia. Duka silitaji. Lakini yaliyonipata nitayaeleza yote, maana najua si mimi peke yangu niliyebeba waya kama ule nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Unguja. Nyumbani nina kompyuta ya mezani, na kabla ya Ramadhani nilinunua printa ya leza iliyotumika, hizi zinazokuja kwa makontena kutoka Ulaya. Waya wake ulikuwa na plagi ya kwao, pini mbili za duara, na soketi zetu ni za pini tatu bapa za Kiingereza. Kijana akafungua droo akanitolea waya mwengine. Shilingi 8,000. Nikalipa nikaondoka nimefurahi.

Printa yenyewe ilikuwa nzuri tokea siku ya kwanza, hilo silikatai. Ila nikigusa bati la nyuma nilikuwa natekenywa vidole, kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Nikasema labda kwa sababu nakaa pekupeku juu ya sakafu. Siku moja mwanangu mdogo, wa kike, akaja akaniambia, "Mama, printa inauma." Nikamkemea aache utundu, asichezee vitu vya kazi. Nalijutia neno lile mpaka leo.

Kisha ukaja usiku wenyewe. Nilikuwa natoa karatasi za mtihani wa majaribio wa kidato cha pili, rundo zima, na umeme ulikuwa umekatika tokea alasiri, kwa hiyo ulipowaka tu nikaanza kazi bila ya kupumzika. Saa nne hivi nikasikia harufu ya plastiki. Nikadhani jirani anachoma taka. Nikafunga dirisha. Harufu ikazidi. Nilipoinua mkeka nikaukuta waya umelainika kama tambi zilizoiva, umeshikana na ukili, na mkeka umefanya weusi mrefu kufuata njia ya waya. Binti yangu alikuwa amelala juu ya mkeka uleule. Kichwa chake na weusi ule vimepishana shubiri mbili.

Nilizima soketi kwa mkono unaotetemeka. Sikulala.

Asubuhi nikaenda dukani kabla ya kwenda kazini. Sikwenda kwa ugomvi, wallahi. Nilisalimia vizuri, nikauweka waya juu ya kaunta, nikasema, "Mwanangu, tazama kilichonipata." Hakuuliza kama kuna mtu ameumia. Hakuuliza chochote! Akauchukua kwa ncha za vidole akasema kifaa kikishatoka dukani hakirudi. Nikamwambia sitaki pesa, nataka nyaya nyengine mlizonazo humo ndani msiwauzie watu. Hapo ndipo alipopandisha sauti. Ati umeme wa mtaani kwetu unapanda na kushuka. Ati nimechomeka vitu vingi. Akanigeuzia plagi akanionesha herufi mbili, CE. "Hii ni Ulaya hii. Ulaya wangepitisha kitu kibovu?" Akanionesha na BS 1363, namba ya kiwango cha plagi za Kiingereza, na 10A, na 250V, vyote vimechongwa vizuri. Nilipojaribu kujibu ndiyo akanipa lile la kwenda kusoma. Wateja wakacheka.

Basi nimesoma.

La umeme kupanda na kushuka kwanza. Sisi ndio watu wa kuambiwa umeme unasumbua? Mwaka 2008 kisiwa hiki kilikaa mwezi mzima gizani, na mwisho wa 2009 ukatukatikia tena mpaka Machi 2010. Vitu vilivyoungua kwa umeme kupanda tunavijua sura zake: mashine inakufa, ubao wa ndani unafanya mweusi. Umeme uliopanda hauchomi waya ukaiacha printa salama. Printa yangu ni nzima.

Waya niliupeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, mtu mzima, hana maneno mengi. Aliitazama ile plagi akaanza kutikisa kichwa kabla sijamaliza kusimulia. Akanionesha kile kifuniko chekundu cha fyuzi kilichoandikwa 13A. Akatia bisibisi kukifungua. Hakifunguki. Akaipasua plagi kwa msumeno: ndani hamna fyuzi. Hamna hata nafasi yake. Kile kifuniko ni umbo tu, kimetiwa rangi ili mimi na wewe tudhani tumelindwa. Plagi hii ya Kiingereza kazi yake moja kubwa ndiyo hiyo, kubeba fyuzi ndani yake ili waya ukizidiwa ikatike fyuzi usiungue waya.

"Tazama na hii pini kubwa," akasema. Pini mbili ndogo huvishwa plastiki sehemu ya juu, ili kidole kisiguse moto plagi inapochomolewa. Ile kubwa, ya ethi, yaani njia ya kuuteremsha ardhini umeme unaovuja, haivishwi, maana inatakiwa ishike chuma kwa chuma. Kwenye waya wangu zote tatu zimevishwa. Na hata isingevishwa isingesaidia kitu, kwani alipochuna ganda la waya tuliona nyuzi za rangi mbili tu, kahawia na buluu. Ile ya kijani na manjano, ambayo ndiyo ya ethi, haimo. Waya wa pini tatu, ndani una njia mbili. Ndiyo maana bati lilikuwa linatekenya: printa ya aina hii huvujisha umeme kidogo sana kwenye mwili wake kwa namna ilivyoundwa, na ule umeme hutakiwa uteremke kwa ethi. Ethi haipo, basi unasubiri kidole. Mwanangu alisema kweli. Ilikuwa inauma.

Lililonimaliza ni sumaku. Fundi alikuwa na spika mbovu pale kibarazani, akatoa sumaku yake akaisogeza karibu na zile nyuzi. Zikanyanyuka. Nyuzi chache, nyembamba kama nywele, zinang'ara rangi ya shaba, zikajikunja zenyewe kuifuata sumaku mpaka zikaganda. Shaba haishikwi na sumaku! Ni chuma kilichopakwa shaba juu. Chuma hupitisha umeme vibaya mno kuliko shaba, na printa ya leza ina hita ndani ya kuyeyushia wino kwenye karatasi, kwa hiyo kila inapotoa kurasa huvuta umeme mwingi. Umeme mwingi kwenye uzi mwembamba wa chuma, chini ya mkeka, bila ya fyuzi. Nini kilichobaki?

Na hiyo CE ambayo kijana alinikoromea kwayo. CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba bidhaa yake inafuata sheria za Umoja wa Ulaya. Kwa vitu kama hivi hakuna ofisi Ulaya inayokaa ikapima kila kimoja ndipo ikagonga muhuri. Mwizi naye ana mashine ya kuchonga herufi. Zaidi ya hayo, sheria ya Ulaya ya usalama wa vifaa vya umeme, namba 2014/35/EU, inaziacha nje plagi na soketi za majumbani. Yaani CE iliyochongwa juu ya plagi ya Kiingereza haina maana yoyote pale ilipo, na badala ya kukutuliza ingefaa ikushtue. Uingereza wenyewe wana kanuni zao za plagi za mwaka 1994, na plagi ya kweli hubeba alama ya chombo kilichoikagua, kama BSI au ASTA. Yangu haikuwa nayo.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msinunue kitu chochote pale. Halafu nikajizuia, kwani printa niliyouziwa ni ya maana, inatoa karatasi safi, na bei ilikuwa ya haki. Nikasema niwe mwadilifu: printa nunueni, waya msinunue. Labda hata kijana hakujua, yeye anauza alicholetewa.

Hapana. Nalifuta hilo. Kutokujua si kosa, lakini mimi nilimpelekea ujuzi mkononi mwake, umeungua, unanuka, na akachagua kunicheka. Ile droo naiona mpaka sasa, nyaya zimeviringwa, zimefungwa mipira, kumi na tano au ishirini. Kila mmoja una mkeka wake unaoungojea. Duka linaloweza kusikia habari hiyo na kuendelea kuuza, hata likiwa na printa za dhahabu, mimi simpeleki mtu.

Tunayo Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, imewekwa kwa sheria ya mwaka 2011 kwa ajili ya mambo kama haya khasa. Vipande vya plagi, nyuzi na risiti nimevitia bahashani, na nikipata siku isiyo na vipindi nitavipeleka mwenyewe. Risiti imeandikwa "waya 1" tu, haina muhuri. Naipeleka hivyohivyo.

Fundi alinitengenezea waya mwengine kwa shilingi 15,000: mnene, njia tatu za shaba, plagi ya kufungua kwa skurubu, na fyuzi akanitolea nikaishika kwa mkono kabla hajaitia. Bati halitekenyi tena. Mtihani nimeumaliza kuuchapa, watoto wameshaufanya.

Binti yangu hataki kuisogelea printa. Nimemwambia nimekosea mimi, alisema kweli, na sasa haiumi. Nikaweka kiganja changu chote juu ya bati aone. Akakitazama, akarudi nyuma hatua moja, akasimama mlangoni.