Mashimo ya kisasa "yasiyojaa" Mtwara: tanki zuri, ahadi ya uongo

Mafundi wanaouza mashimo haya, yaani matanki ya majitaka ya choo na bafu, Mtwara mjini huahidi mambo matatu: halinuki, halijai, wala hutaita gari la kunyonya. La kwanza ni kweli, mradi bomba la hewa lipande hadi juu ya paa. Hayo mengine mawili si kweli, na mteja ana haki ya kuelezwa kabla hajalipa.

Majitaka yakiingia chemba ya kwanza yanatulia. Kizito kinazama kuwa tope, mafuta yanapanda na kuganda kama ukoko, na maji ya kijivu ya katikati yanapita chemba ya pili hadi shimo la kunyonyea, lile linaloyaachia maji yapenye udongoni. Bakteria wanaozesha tope na kulipunguza, lakini mchanga na mabaki magumu hawayawezi. Kadiria lita 40 za tope kwa mtu kwa mwaka. Familia ya watu sita yenye tanki la lita 3,000 itafika theluthi ya tanki kwa miaka minne hivi, na hapo ndipo pa kunyonya. Zile pakiti za "dawa" ya bakteria usizinunue. Kinyesi chenyewe kinakuja nao wa kutosha.

Sehemu inayoharibu mashimo mengi ni ndogo sana: T ya kutokea, kiungio cha bomba chenye umbo la T pale maji yanapotoka tankini. Fungua mfuniko uiangalie. Mguu wa chini uzame sentimita 30 hadi 40 ndani ya maji, wa juu usimame wazi kupita ukoko, na bomba la kutokea liwe chini ya la kuingilia kwa sentimita 5 hadi 7. Fundi akiiacha, ukoko unatoka na maji, unapaka kuta za shimo la kunyonyea utelezi mweusi, udongo unaziba, na siku moja maji yanarudi bafuni. Hapo mwenye nyumba hulaumu tanki. Machicha ya nazi nayo yanaelea na kuziba T hiyo hiyo, kwa hiyo yasipite kwenye sinki kabisa.

Matanki ya plastiki yenyewe tunayapenda: hayavuji kama tofali lililopigwa plasta haraka, na yanafukiwa kwa siku moja. Ila yanaelea. Tanki tupu la lita 3,000 likizungukwa na maji ya ardhini linasukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani tatu, bomba zinakatika. Fukia kwa mchanga laini, tabaka za sentimita 30, huku ukijaza maji ndani kwa kimo kile kile. Vipande vya matumbawe usivirudishe shimoni, vinatoboa. Na masika usinyonye tanki lote ukaliacha tupu.

Udongo ndio unaomalizia usafishaji, na hapa wauzaji wako kimya mno. Kando ya bahari, Shangani au Mikindani, ukikuta jiwe la matumbawe maji yanapotea upesi na kila mtu anafurahi. Yamepita kwenye nyufa bila kuchujwa, yanaelekea kisimani kwa jirani. Umbali wa mita 30 kutoka kisimani, unaotosha kwenye mchanga, hapo hautoshi. Weka kitanda cha mchanga cha sentimita 60 juu ya jiwe.

Pima kabla ya kununua. Chimba kishimo chenye upana wa sentimita 30 hadi kina cha shimo la kunyonyea, kijaze maji kilale usiku kucha. Asubuhi jaza tena, hesabu dakika za maji kushuka sentimita 2.5. Chini ya dakika moja ni haraka mno, zaidi ya saa nzima udongo haunyonyi. Kipimo cha Septemba kinadanganya. Maji ya ardhini yako juu Machi na Aprili.

Malipo ya mwisho yasitoke kabla ya jaribio la maji. Tanki lijazwe, alama ipigwe ukutani, lisubiriwe saa 24, bomba zikiwa bado hazijafukiwa. Maji yakishuka, fundi arudi kazini.