Njia za miguu za Réunion: kutoka kingo za volkano hadi magenge ya Cap Méchant

Kisiwa cha Réunion kiko kama kilomita 700 mashariki ya Madagaska, na ingawa kimekuwa mkoa wa Ufaransa tangu mwaka 1946, mtu wa pwani yetu akifika huko haoni ugeni kwa muda mrefu, kwa kuwa atakuta sambusa zikiuzwa mitaani, achari mezani na mikadi imesimama kando ya bahari kama ile ya kwetu. Nilikwenda mwezi wa Agosti, nikakaa siku tisa kwa shabaha moja tu ya kutembea kwa miguu. Ninachotathmini hapa ni huduma ya njia zenyewe, yaani alama zake, matunzo yake na malazi yaliyo kandokando yake.

Jambo la kwanza la kusifiwa ni kwamba njia ni huru. Sisi tuliozoea Kilimanjaro, ambako huwezi kupanda bila kiongozi wala bila kulipia ada za hifadhi kwa kila siku, tunashangaa kufika mahali ambapo mtu anavaa shanta lake alfajiri, anaifuata njia na kwenda zake bila kuulizwa na mtu. Njia ndefu ziko tatu: R1 inayouzunguka mlima Piton des Neiges, wenye urefu wa takriban mita 3,070, R2 inayokikata kisiwa kizima kutoka Saint-Denis kaskazini hadi pwani ya Saint-Philippe kusini, na R3 inayozunguka ndani ya bonde la Mafate. Zote zina alama ya mistari miwili ya rangi, mweupe juu na mwekundu chini, iliyopakwa kwenye mawe na vigogo, na katika siku zote tisa nilipotea mara moja tu, tena kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa nikikwepa mvua.

Mafate panahitaji maelezo zaidi. Ni bonde lililozungukwa na kuta za milima pande zote, halina barabara hata moja, na wanavijiji wa La Nouvelle, Marla na Roche Plate huletewa mchele, saruji na mitungi ya gesi kwa helikopta. Watu wa kwanza kuishi humo walikuwa watumwa waliotoroka mashambani. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika bahari hii, na utumwa haukukoma Réunion hadi tarehe 20 Desemba 1848. Kwa hiyo Mswahili anayeshuka ngazi za Mafate hapiti katika mandhari tupu. Nilisimama pale Marla jioni, moshi wa kuni ukipanda kutoka majikoni, nikawaza kwamba huenda baadhi ya waliotafuta njia ya kwanza kwenye majabali yale walizisikia lugha za kusini mwa Tanzania utotoni mwao. Natamani habari hizi zingeandikwa kwenye vibao vya njiani kwa uzito uleule unaopewa majina ya ndege na miti.

Malazi ni nyumba za kawaida zenye vitanda vya ghorofa, na chakula cha jioni huwa ni wali, maharage au dengu, kachumbari kali ya pilipili, na nyama. Soseji za huko kwa kawaida ni za nguruwe, hivyo asiyezila aseme mapema anapoweka nafasi, naye atapikiwa kuku. Lawama yangu iko hapo kwenye kuweka nafasi. Katika nyumba mojawapo nilifika jioni, nimelowa, nikaambiwa kwamba jina langu halimo daftarini ingawa nilikuwa nimekwisha kulipa. Nilipewa godoro ukumbini, lakini hapakuwa na mtu wa kuniomba radhi. Chapisha risiti, uibebe kwenye mfuko wa nailoni.

Kilele cha Piton des Neiges, ambako watu hupanda usiku wakitumia tochi ili walione jua likichomoza, ni kizuri, ila baridi yake ni kali na msururu ni mrefu. Mwenye siku chache akiruke.

Asiiruke volkano. Piton de la Fournaise ina urefu wa mita 2,632 na ni miongoni mwa volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi duniani. Safari huanzia Pas de Bellecombe, mita 2,311 juu ya bahari, ambapo ngazi zaidi ya 500 zinakuteremsha ukingoni hadi kwenye uwanda wa lava iliyoganda. Huko chini hakuna kivuli wala maji, na njia ni vitone vya rangi nyeupe juu ya mwamba mweusi. Pembeni yake lava imejikunja mikunjo mikunjo kama kamba za usumba zilizosokotwa zikaachwa juani. Kwenda na kurudi hadi mahali pa kulitazamia shimo la Dolomieu, ambalo sakafu yake ilididimia kwa mamia ya mita mwezi Aprili 2007, kunachukua kama saa tano. Mlima ukitoa dalili za kulipuka, lango la juu hufungwa bila kubembelezana na mtu, na mimi nahesabu kufungwa huko kuwa sehemu ya huduma bora.

Lakini kilichonifanya niandike ni siku mbili za mwisho za R2, za kuteremka kutoka volkano hadi baharini. Unapita eneo la Foc-Foc, ambapo Januari 1966 ilinyesha mvua ya milimita 1,825 katika saa 24, zaidi ya inayonyesha Dar es Salaam kwa mwaka wa kawaida. Kisha unaingia msitu mzito wenye matope na mizizi inayoteleza, magoti yakilalamika, mpaka unasikia mngurumo na miti inaachana. Cap Méchant, kwenye pwani ya Saint-Philippe, haina mwamba wa matumbawe wa kuvunja nguvu ya mawimbi. Bahari inalipiga genge jeusi moja kwa moja, povu linaruka juu ya mikadi, na unayasikia mapigo hayo miguuni kabla ya masikioni. Kuogelea hapo ni kujitafutia kifo, na ukingo wa genge huteleza.

Siku iliyofuata nilipanda basi hadi Tremblet, ambako lava ya mwaka 2007 iliifukia barabara, ikaingia baharini na kukiongezea kisiwa ardhi mpya. Niliokota kipande cha mwamba, nikakigeuza juani: ndani yake mlikuwa na punje za kijani kibichi, ndogo kama mtama, ambazo wataalamu huziita olivini. Kangaga zilikuwa zimeanza kuota kwenye nyufa. Nilikirudisha kipande kile mahali pake.

Nendeni kati ya Mei na Novemba, nje ya msimu wa vimbunga. Ondokeni kabla ya mapambazuko, maana ukungu hupanda asubuhi hiyohiyo na kufunika kila kitu, na vaeni buti zenye soli nene. Zangu, zilizokwisha kunifikisha Uhuru na kunirudisha, zilichanwa na lava ubavuni kwa siku moja. Kwa njia zenyewe natoa alama tisa kwa kumi, kwa malazi sita. Nikirudi nitaanza na pwani ya kusini kwanza, miguu ikiwa bado na nguvu, nikae huko siku tatu badala ya moja.