Upimaji wa kaboni ya mikoko, mdomo wa Ruvu, Bagamoyo: miti safi, udongo haujatendewa haki

Kwenye miti, timu iliyopima kaboni iliyohifadhiwa na mikoko hii inajua kazi. Kila kiwanja ni duara lenye nusukipenyo cha mita 7, kitovu kina bomba na alama ya GPS, kwa hiyo mwaka mwingine utapimwa mti uleule. Mchu na mlilana, aina mbili za mikoko, hupimwa unene mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko wenyewe, ile aina yenye mizizi iliyoinuka juu ya ardhi, hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Hapo ndipo wengi huharibu: ukizungusha utepe chini ya hapo, makadirio ya uzito wa mti yote yanapotoka.

Udongo ndio unaosikitisha. Sampuli ziliishia sentimita 30, ilhali kwa mikoko kawaida ni mita 1, maana kaboni nyingi imo kwenye tope. Maji ya bamvua yakipwa, muda wa kufika kina hicho upo.

Ripoti nayo haisemi kama tani ni za kaboni au za hewa ukaa, na tofauti yake ni mara 3.67! Kijiji kinachogawana mapato ya kaboni hakistahili fumbo hilo. Ukiwaajiri, andika kina cha udongo na kizio ndani ya mkataba, kabla ya malipo ya kwanza.